Lupita alianzia kwenye Oscar? Jibu kwa mwigizaji wa jukwaani

Swali: Nina miaka 23, niko Mombasa. Naigiza na kikundi kinachozunguka shule kikicheza vitabu vya kutahiniwa. Watu wananiambia jukwaa ni kupoteza muda, eti Lupita Nyong'o alipata Oscar kwa filamu yake ya kwanza, tena kwa bahati. Ni kweli? Alipitia wapi hasa? Na kama filamu ndiyo mpango, mbona mtu mwenye Oscar bado anarudi jukwaani? Mimi nianzie wapi?

Jibu:

Dada, wanaokwambia hivyo wamehesabu filamu peke yake. Ni kweli 12 Years a Slave ndiyo filamu ndefu ya kwanza aliyoigiza Lupita, na ni kweli ilimpa Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Lakini usiku ule wa tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, ilikuwa imepita miaka kama 17 tangu acheze mhusika mkuu mbele ya watu waliokata tiketi. Hapo katikati kuna jukwaa la Nairobi, kazi za kutumwa kwenye seti za wengine, tamthilia ya televisheni, filamu ya hali halisi aliyoiongoza mwenyewe, na miaka mitatu ya shule ya uigizaji. Bahati ilikuwepo, na nitakuonyesha ilipokaa.

Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, kwa sababu baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha huko enzi ambazo Kenya haikuwavumilia wasomi wenye msimamo kama wake. Alirudishwa nyumbani akiwa bado mdogo sana, akakulia Nairobi akisikia Kijaluo, Kiingereza na Kiswahili. Alipofika miaka 16 wazazi walimpeleka Taxco, Mexico, akakaa miezi saba kujifunza Kihispania. Tusidanganyane: hii ilikuwa nyumba yenye vitabu na pasipoti, na baba baadaye akawa waziri, seneta, kisha gavana wa Kisumu. Ukipanga kufuata nyayo hizi, ujue kwamba hatua nyingine zililipiwa karo. Hata hivyo zile lugha nne si pambo la wasifu. Sikio lililozoea lugha nne linajua kwamba kila lugha ina kasi yake, ina pumzi yake, na ulimi una mahali pake pa kukaa. Mtaji huo utauona ukitumika huko mbele.

Akiwa na miaka 14 alicheza Juliet, wa Romeo and Juliet ya Shakespeare, na Phoenix Players, kikundi kilichokuwa na ukumbi katikati ya Nairobi na ambacho kwa miaka mingi kilikuwa miongoni mwa sehemu chache jijini ambako mchezo uliuzwa tiketi, ukachezwa usiku baada ya usiku, kisha ukapisha mwingine. Juliet ni mzigo kwa umri wowote: mistari zaidi ya 500, mingi yake ni mashairi ya mapigo matano kwa mstari. Anayeanza hukosea pale pale kila mara, anavuta pumzi mwisho wa mstari kana kwamba mwisho wa mstari ni mwisho wa wazo. Matokeo yake maneno yanakatika vipande na mtazamaji anapotea. Dawa ni kuchukua penseli, kuweka alama mahali wazo linapoishia, hata kama ni katikati ya mstari wa nne, na kuvuta pumzi hapo tu. Kazi hiyo ukiifanya kwa utenzi wowote wa pwani utapata mazoezi yaleyale. Mizani tunayo, tena ya zamani.

Baada ya shule Nairobi alikwenda Hampshire College, Massachusetts, akasoma filamu na michezo ya kuigiza. Hapa kuna jambo ambalo wengi huliruka. Aliingia kwanza nyuma ya kamera. Alifanya kazi za uzalishaji kwenye The Constant Gardener, iliyopigwa Kenya na kutoka mwaka 2005, halafu kwenye The Namesake ya mwongozaji Mira Nair. Ni katika ile ya kwanza ndipo alipomwambia Ralph Fiennes, mwigizaji wa filamu hiyo, kwamba anatamani kuigiza, na mzee yule hakumbembeleza: alimshauri aingie kazi hii ikiwa tu anaona hawezi kuishi bila kuifanya.

Kazi ya kutumwa kwenye seti inalipa kidogo na inachosha, lakini humfundisha mwigizaji mambo ambayo darasani hayapo. Unajifunza kusoma karatasi ya ratiba ya siku: nani anafika saa ngapi, onyesho lipi linapigwa kabla ya lipi. Unaona kwamba mwisho wa hadithi unaweza kupigwa siku ya pili na mwanzo wake siku ya 20, kwa sababu seti au mahali ndipo panapoamua mpangilio. Unaona mwigizaji akikosa alama yake ya utepe sakafuni kwa nusu hatua, mpiga kamera akapoteza fokasi, na watu 60 wakarudia kila kitu. Unamwona dada wa mwendelezo akiandika kwamba kikombe kilikuwa mkono wa kushoto, kifungo cha pili kimefunguliwa. Anayetoka jukwaani bila kuyajua haya hufika siku ya kwanza akiwa na kipaji kizuri na kuwachelewesha watu wote.

Mwaka 2009 ulikuwa wake wa kufanya kila kitu kwa mikono. Alicheza Ayira kwenye Shuga, tamthilia ya MTV kuhusu vijana wa Nairobi na Virusi vya Ukimwi. Alitoa In My Genes, filamu ya hali halisi kuhusu maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya, aliyoiandika na kuiongoza. Aliongoza pia video ya wimbo wa Wahu. Mwaka huohuo akaingia chuo kikuu cha Yale, Marekani, idara ya uigizaji, akahitimu 2012.

Shule za aina ile huchukua watu wachache mno kila mwaka, na mlango wake ni usaili. Kwa kawaida unaombwa vipande viwili vinavyotofautiana, kimoja cha mashairi ya Shakespeare au wa zama zake, kingine cha kisasa, vyote kwa dakika chache tu. Wengi huanguka kwa kuchagua kipande cha kilio na kelele, kwa sababu wanadhani hicho ndicho kinachoonyesha uwezo. Wanaosaili wamesikia vilio vya kutosha tangu asubuhi. Chagua mtu anayetaka jambo kutoka kwa mwenzake hapo hapo, anajaribu njia moja, inagoma, anajaribu nyingine. Chagua mhusika wa umri wako. Uwe na kipande cha tatu cha akiba, maana wanaweza kukuomba. Na jambo la pesa, kwa kuwa najua unajiuliza: tangu 2021, baada ya mchango wa dola milioni 150 kutoka wakfu wa David Geffen, shule hiyo haitozi karo. Pango na chakula ni hesabu nyingine, na mji ilipo shule si wa bei rahisi.

Sasa nikae kidogo kwenye tukio moja la Yale, kwa sababu ndilo linalojibu nusu ya swali lako. Mwaka uleule wa 2009, ukumbi wa Yale Repertory uliandaa Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa na kamanda wa waasi Liberia mwaka 2003, vita vikielekea ukingoni. Lupita, mwanafunzi mpya, alipewa kazi ya mwigizaji wa akiba wa yule binti mdogo, mhusika ambaye kwenye mswada anaandikwa Msichana tu. Mwigizaji wa akiba anajifunza kila mstari, kila hatua jukwaani, kila mahali pa kushika kitu, halafu anakaa pembeni kila usiku akisubiri mwenzake augue. Mara nyingi mwenzake haugui. Watu wengi huichukulia kazi hiyo kama adhabu. Yeye aliibeba hadithi ile ndani yake miaka sita.

Ulipofika mwaka 2015, akiwa na Oscar na milango yote iko wazi, aliomba mchezo ule. Ukafunguliwa kwenye Public Theater, New York, chini ya mwongozaji Liesl Tommy wa Afrika Kusini, safari hii Lupita mwenyewe akiwa Msichana. Machi 2016 ukahamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, katika John Golden Theatre, ukumbi wa viti kama 800, ukachezwa hadi Juni. Mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote watano walikuwa wanawake weusi, jambo ambalo Broadway haikuwa imewahi kuliona. Lupita aliteuliwa kuwania Tony, tuzo ya michezo ya Broadway. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema jukwaa ni ngazi unayopanda halafu unaisukuma, mwambie ngazi hii ilipandwa tena kwa makusudi, na kwa malipo madogo kuliko ya filamu.

Kuhusu lile la bahati. Muda mfupi kabla ya kuhitimu 2012, Steve McQueen, mwongozaji wa 12 Years a Slave, alikuwa akimsaka mwigizaji wa kumcheza Patsey, mtumwa wa shamba la pamba Louisiana, mtu wa kweli ambaye Solomon Northup alimwandika kwenye kumbukumbu zake za mwaka 1853. Waliosailiwa walikuwa wengi mno. Bahati ni kwamba sehemu ile ilikuwa inatafutwa wakati yeye yuko tayari na hana jina. Angekuwa na wasifu uleule miaka mitano baadaye, labda mtu mwingine angekuwa amepita.

Tazama alichokifanya akishapewa. Kuna onyesho ambalo Patsey amekaa chini kwenye nyasi akitengeneza vidoli kwa maganda ya mahindi. Hasemi lolote. Kamera imekaa karibu, vidole vinafanya kazi ya mtoto, na uso umetulia kabisa, kwa muda mfupi hakuna anayemwinda. Jukwaani ungelazimika kuukuza utulivu ule ili mtu wa safu ya mwisho auone. Mbele ya kamera ukiukuza unakufa. Halafu linganisha na onyesho la sabuni. Patsey amerudi kutoka shamba la jirani akiwa na kipande cha sabuni, kwa sababu bibi wa nyumba amemnyima hata cha kuogea. Anajitetea kwa bwana wake. Sauti inapanda, inavunjika, inarudi tena kwenye hoja ileile: nachuma pamba kuliko mwanamume yeyote hapa, nataka tu kuwa safi. Maneno yanatoka mazima hadi silabi ya mwisho hata mtu anapolia. Hayo ni mapafu ya jukwaani. Kisha inafuata adhabu, picha ndefu ambayo kamera inazunguka bila kukatwa. Katika filamu ya kawaida mhariri anakuokoa, anachukua sekunde nne nzuri za jaribio la tatu na sekunde sita za jaribio la saba. Picha ndefu isiyokatwa haina mwokozi. Waigizaji wote waliomo wanapaswa kwenda mwanzo hadi mwisho kama vile pazia limefunguliwa, na aliyezoea pazia ana faida.

Hapo ndipo jibu langu lilipo: jukwaa linakupa mwendo mrefu, kamera inataka udogo, na mwenye vyote viwili ndiye anayeajiriwa tena. Wewe unacho cha kwanza tayari.

Baada ya Oscar hakukimbilia kila kitu. Ameeleza hadharani kwamba baadhi ya kazi alizoletewa zilikuwa za kumrudisha kuwa mtumwa tena, akazikataa. Alitoa sauti ya mbwa mwitu Raksha kwenye The Jungle Book, na kwenye Star Wars ya 2015 alimcheza Maz Kanata, kiumbe wa kompyuta. Wapo walionung'unika kwamba Hollywood imempa tuzo kisha ikamficha uso. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini ilivyo kazi yenyewe ni ya jukwaani kuliko inavyodhaniwa: katika kunasa mwendo, yaani kamera na kompyuta kunakili mwili wako ili kumhuisha kiumbe, huna maleba, huna seti, umevaa suti yenye vitone na chumba ni kitupu. Kinachobaki ni mwili na mawazo, kama kwenye chumba cha mazoezi.

Halafu lafudhi. Mwaka 2016 alimcheza Harriet kwenye Queen of Katwe, mama wa Phiona Mutesi, bingwa wa chesi kutoka mtaa wa Katwe, Kampala, chini ya Mira Nair yuleyule aliyemfanyia kazi za seti miaka kumi kabla. Mwaka 2018 akawa Nakia kwenye Black Panther, ambako lugha ya Wakanda ni Kixhosa. Mkufunzi wa lafudhi wa filamu ile, Beth McGuire, alikuwa mwalimu wa matamshi wa Yale. Na Danai Gurira wa Eclipsed yumo humo akiwa Okoye. Kazi hii ni ya watu wachache wanaokutana tena na tena, kwa hiyo tabia yako ya mazoezini leo ndiyo barua yako ya utambulisho ya mwaka kesho kutwa.

Namna ya kujifunza lafudhi, kwa kuwa Mganda, Mkongo na Mwingereza watakujia kwenye miswada: usianze na maneno. Tafuta rekodi ya dakika tano ya mtu mmoja wa kweli, wa umri na mtaa wa mhusika, akizungumza mambo yake ya kawaida. Kwa siku tatu sikiliza muziki wake tu, unavuma mdomo umefungwa, unafuata anapopanda na kushuka. Kisha angalia taya inafunguka kiasi gani na midomo inafanya nini. Sauti za irabu zije mwisho. Wanaoanza na irabu huishia na kichekesho, lafudhi ya kumdhihaki mtu, nayo huteleza wakikasirika, kwa sababu hasira hurudisha mtu kwenye lugha ya mama. Ndiyo maana unaipima lafudhi kwa kugombana na mtu ukiitumia, si kwa kuisoma polepole.

Us, filamu ya Jordan Peele ya mwaka 2019, ndiyo ningekutaka uitazame mara mbili, ya pili ukiwa umezima sauti. Anacheza wanawake wawili, Adelaide na kivuli chake Red. Bila sauti bado unawatofautisha: mmoja ana mabega yanayosikiliza, mwingine ana mgongo ulionyooka na kichwa kisichotikisika. Maonyesho ya namna hiyo kwa kawaida hupigwa mara mbili, kwanza ukiwa mmoja, mwenzako wa kimo chako amesimama mahali pa yule wa pili, kisha mnabadilishana. Unalazimika kukumbuka jicho lilikwenda wapi na baada ya sekunde ngapi, la sivyo wahusika hawatazamani. Kazi ile ilimpa tuzo ya wahakiki wa New York na uteuzi wa chama cha waigizaji, Oscar ikampita hata kwenye orodha. Wahakiki wengi waliona ni makosa, nami nipo upande wao.

Lakini Red ana sauti ya kukwaruza, inayovutwa kwa shida, na Lupita alieleza kwamba chanzo chake ni ugonjwa wa sauti ambao misuli ya koo hujikaza bila hiari. Mashirika ya watu wenye ulemavu yalilalamika kwamba ugonjwa wa watu halisi umegeuzwa kitisho, naye akaomba radhi. Ukiazima mwili wa mtu, uliza kwanza wenye mwili ule watausikiaje. Na kwa upande wa ufundi, sauti ya aina hiyo usiijaribu chumbani peke yako. Yeye alifanya kazi na wataalamu wa sauti ili asijiumize.

Hilo linanileta kwenye koo lako. Broadway mchezo huchezwa mara nane kwa wiki, na kikundi cha kuzunguka shule huweza kucheza mara mbili kwa siku kwenye bwalo lenye mabati na wanafunzi 600. Mzigo wako si mdogo kuliko wake, ila wewe huna mkufunzi. Kabla ya onyesho tumia dakika 15 hadi 20: vuma mdomo umefungwa, tetemesha midomo ukipanda na kushuka, halafu chukua mrija, uuchovye sentimita mbili au tatu kwenye glasi ya maji, na upulize huku ukitoa sauti hadi mapovu yawe sawasawa. Zoezi hilo la mrija ni la bei ya chini na madaktari wa sauti hulitumia. Maji kidogokidogo kutwa nzima, si chupa moja dakika tano kabla. Sauti ikichakaa usinong'one ukidhani unaipumzisha, kwa wengi mnong'ono hukaza koo zaidi, nyamaza tu. Ukikwaruza zaidi ya wiki mbili au tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, maana vinundu kwenye nyuzi za sauti haviondoki kwa tangawizi.

Kupaza sauti bwaloni ndicho pia kinachowaharibu waigizaji wa vitabu vya kutahiniwa wanapofika kwenye kamera. Wamezoea kumpigia kelele mwanafunzi wa dirishani, kuchekesha kila mstari, na kuonyesha hisia kwa nyusi. Wamezoea mambo mazuri pia: kukariri haraka, kucheza wahusika watatu kwa kubadilisha kanga na mwendo, kuendelea umeme ukikatika. Usiache kikundi. Ongeza jioni mbili kwa wiki za kujirekodi.

Weka simu mlalo kwenye kitu kilichotulia, kimo cha macho yako. Ukuta wa nyuma uwe wa rangi moja, dirisha liwe mbele yako, si mgongoni. Fremu ianzie kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Mwenzako anayekusomea asimame ubavuni mwa simu, aongee chini kuliko wewe kwa sababu yeye yuko karibu na maikrofoni. Mtazame yeye, usiitazame kamera. Simu nyingi hujirekebisha sauti zenyewe: ukifoka zinajishusha, na neno la chini linalofuata halisikiki kabisa, kwa hiyo hasira yako itafute kwenye kasi na konsonanti, si kwenye ujazo. Piga majaribio mawili yaliyo tofauti kweli, si lile lile mara mbili. Kisha tazama bila sauti. Kichwa kikitikisika kila neno, nyusi zikipanda kila sentensi, umeona kazi ya wiki ijayo.

Ulipouliza kwa nini anarudi jukwaani, Eclipsed ilikuwa nusu ya jibu. Mwaka 2021, kumbi zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, alimrudia Juliet, safari hii kwa sauti tu na kwa lugha mbili, Kihispania na Kiingereza, katika mchezo wa redio wa Public Theater. Ile miezi saba ya Taxco ikapata kazi. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi aliyekwenda Marekani kusomea kompyuta akaishia kwenye tamthilia.

Agosti 2025 wawili hao wakafungua tena Delacorte, jukwaa la wazi la Central Park lililokuwa limefungwa kwa ukarabati wa mamilioni ya dola, kwa Twelfth Night, mchezo wa Shakespeare ambao tiketi zake ni za bure na watu huzipanga foleni. Lupita alikuwa Viola. Ndugu yake pacha Sebastian alichezwa na Junior Nyong'o, mdogo wake wa kuzaliwa naye. Mapacha hawa wametupwa ufukweni na dhoruba katika nchi isiyo yao, kila mmoja akidhani mwenzake amezama, na Saheem Ali aliwafanya wageni waliokuja na lugha yao: baadhi ya maneno yao yalisemwa kwa Kiswahili. Fikiria hilo kiufundi. Mtazamaji wa New York haelewi neno, lakini anaelewa mara moja kwamba hawa wawili wana nyumba moja ambayo wengine jukwaani hawana. Hakuna maleba yanayoweza kuifanya kazi hiyo kwa haraka namna ile. Kiswahili unachokiona kizuizi cha kwenda nje kilikuwa, pale, chombo cha mwongozaji.

Nianzie wapi, umeuliza. Mombasa unayo Little Theatre Club na Swahilipot Hub. Ukitaka cheti bila kuvuka bahari, kuna TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, Tanzania, nako ni safari ya basi. Omba kazi yoyote kwenye seti inayokuja pwani, hata ya kuzuia wapita njia. Andaa vipande vitatu, kimoja cha Kiswahili cha mashairi, kimoja cha Kiswahili cha kisasa, kimoja cha Kiingereza, kila kimoja kisizidi dakika mbili, na uvibadilishe kila baada ya miezi sita kabla havijachakaa. Kikundi kingine kikikupa kazi ya mwigizaji wa akiba, ichukue.

Ukifika mahali pa kutafuta shule au kazi Marekani, jihadhari na anayekuomba pesa mbele. Wakala halali hulipwa asilimia ya kazi aliyokupatia, kwa kawaida isiyozidi 10, na hulipwa baada ya wewe kulipwa. Mwanafunzi huenda kwa viza ya F-1, na akihitimu huweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi za fani yake kwa miezi 12. Viza ya wasanii ya O-1 huwezi kujiombea mwenyewe; lazima mwajiri au wakala wa kule akuombee, naye atataka ushahidi kwa maandishi: matangazo ya michezo yenye jina lako, uhakiki wa magazeti, barua, mikataba. Kwa hiyo kila bango la mchezo unaocheza mwaka huu, hata lile la bwalo la mabati, lipige picha na uliweke pamoja na tarehe na jina la ukumbi.